Mwalimu Moffat Wamae na Kikohozi cha Breki ya Pili

Mwalimu Moffat Wamae amefundisha watu kuendesha gari hapa Upole Driving School, Nyeri, kwa miaka ishirini na saba, kuanzia Februari 1970. Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 1997, atatoa ufunguo wa Datsun kwenye mshipi wake na kumkabidhi mkurugenzi. Halafu ataenda nyumbani Mweiga kukaa peke yake, na hapo ndipo wasiwasi wangu uko.

Mkurugenzi ameniambia niandike mimi, Mama Nduta wa chai na usafi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekaa naye miaka kumi na minane. Wanja, karani wetu, amepiga taipu na kuninyooshea maneno.

Kwa wale hawajui, Datsun yetu iko na breki mbili. Moja iko chini ya mguu wa mwanafunzi. Ya pili iko upande wa kushoto, chini ya mguu wa Mwalimu. Hiyo ya pili imeokoa mbuzi, baiskeli za kabichi, ua wa kanisa na watu ambao mpaka leo hawajui waliokolewa. Fundi wa viatu sokoni anamjua Mwalimu kwa kiatu: kila mwaka cha kulia kinaisha kabla ya cha kushoto.

Wanafunzi wake wamepita elfu mbili. Kuna manesi, mapadri, na madereva wa malori ya kahawa. Kuna Ntinyari, muuza viazi, aliyeanguka mtihani mara sita kwa kupandisha kilima. Siku ya saba Mwalimu alisimama kando ya barabara amefunika uso na kofia, hataki kuona. Ntinyari alipita, na leo ana lori lake.

Sasa niseme juu ya kikohozi. Kwa miaka kumi na mitano nilijua Mwalimu ni mgonjwa wa kifua. Gari likipita mbele ya ofisi namsikia: kohoo! Mimi ni mtu ambaye mtoto akipiga chafya silali, kwa hivyo nikaanza kumchemshia tangawizi. Kila siku saa kumi, kikombe kikubwa, na asali nikipata. Nilimsumbua aende hospitali apigwe picha. Alikunywa yote, akasema asante Mama Nduta, na kesho yake akakohoa tena.

Mwaka wa 1994 Nduta wangu akaanza masomo ya gari. Sikuweza kutulia. Nilikuwa naacha sufuria motoni nasimama langoni mpaka warudi. Mwalimu akachoka kuniona hapo, akafungua mlango wa nyuma. "Ingia, Mama Nduta. Njoo uogopee ndani."

Tukashuka hadi Gatitu. Kwa kona, mkokoteni wa maziwa ukaingia barabarani, na Nduta alikuwa anaangalia kioo. Nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Halafu nikaona kiatu cha kulia cha Mwalimu kikishuka polepole, na wakati huo huo akakohoa, kohoo! kubwa, ikafunika mlio wa pedali. Gari likasimama. Nduta akageuka anang'aa uso mzima. "Mami, umeona vile nimesimamisha?"

Mwalimu akajipangusa mdomo na leso. "Umesimama vizuri," akamwambia. "Sasa weka gia namba moja, twende."

Tuliporudi nikamuuliza mbona anadanganya mtoto wangu. Akasema mwanafunzi akijua ni mwalimu amesimamisha, anaogopa, na mtu akiogopa mguu unaganda. Akiamini ni yeye, kesho atasimamisha kweli. Nikamuuliza, na hiyo tangawizi ya miaka yote, mbona hukuniambia? Akasema, "Ilikuwa tamu." Wanafunzi wa zamani mnaosoma hii, msikasirike. Breki ya kwanza haikuwa yenu, lakini zote za baadaye ni zenu.

Mwezi wa Julai Gikunda, mwalimu wetu mpya kutoka Meru, alileta gazeti. Ati huko ng'ambo wanajaribu gari lenye jicho la mitambo mbele. Likiona kitu karibu linafunga breki lenyewe, hata dereva akiwa amesinzia. Gikunda akamtania, "Mzee, umepata wa kukurithi, na huyu hanywi chai!" Tulicheka sana. Mwalimu akavaa miwani, akasoma mara mbili. Halafu akauliza, likishajisimamisha litamwambia dereva? Gikunda akasema lazima, kengele inalia na taa nyekundu inawaka.

"Basi bado halijajua kazi," akasema Mwalimu.

Lakini alikata kile kipande cha gazeti, akaweka mfukoni. Baadaye, tukiwa wawili tu, aliniuliza kama ninafikiri gari kama hilo lingeona lori lililosimama bila taa.

Mke wake, Waithira, alikufa mwaka wa 1989 akirudi kutoka Mwea kununua mchele. Gari alilopanda liligonga lori kama hilo. Siku hiyo Mwalimu alikuwa hapa, kwa kiti chake cha kushoto, akisimamishia watoto wa watu.

Tangu hapo hajakaa mbele kwenye gari lisilo na breki ya pili. Akienda kwake anakaa kiti cha nyuma kabisa, anafunga macho, na bado mguu wa kulia unakanyaga. Hata kanisani nimeuona ukikanyaga, mhubiri akienda mbio. Mara mbili muda wake wa kustaafu ulifika, na mara mbili akaomba aongezewe muda. Nilidhani ni kupenda kazi. Mwezi uliopita, akisuuza kikombe, alisema nyumbani ni kimya, watoto wako mbali, na mguu utakuwa unakanyaga sakafu isiyosimamisha kitu. Nilichukua kile kikombe nikamwongezea chai tu.

Kwa hivyo nimefanya jambo. Nimempigia simu Nduta, ambaye sasa anaendesha pikapu ya maziwa huko Nyahururu, nikamwambia ukweli wa Gatitu. "Kumbe haikuwa yangu," akasema. Halafu akauliza Ijumaa ni saa ngapi.

Mwalimu, Upole yote inakushukuru, pamoja na wale hawajui cha kukushukuria. Nduta atakuwa langoni saa tisa na pikapu. Kiti chako ni cha mbele, kushoto. Pedali hakuna, kuna mkeka wa mpira tu. Wewe kanyaga. Ukikanyaga, Nduta atakohoa, gari litasimama, na atakuambia umesimama vizuri. Mweiga iko kwa njia yake, na ameahidi kupitia kwako kila Jumamosi akutembeze. Mimi nitakaa nyuma, niogopee ndani.

Tunakutakia siku ndefu, afya, na nyumba yenye wageni. Tangawizi ya safari nimeweka kwa chupa, lakini ni ya Nduta. Sasa yeye ndiye mwenye kikohozi.

Jeniffer Kabura (Mama Nduta)