Marehemu Judith Mseti na Mivule Iliyogoma Kuota Mizizi

Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1964, mvua ya mawe ilinyesha Mbalibali tangu mchana. Jioni ilipokatika, Judith alizaliwa, mtoto wa tatu wa Mzee Nikolaus na Mama Generoza. Alimaliza darasa la saba mwaka 1980, na tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Konstantino Mseti wa Nyambureti.

Alilima mtama na mihogo, lakini kazi aliyoipenda ni kitalu cha miche alichokianzisha mwaka 2011. Miparachichi ilimtii, mivule ilimkatalia. Vipandikizi alivikata kwenye mvule mkubwa wa mpakani mwa shamba, kwa kuwa mti mama aliuchagua kama wakwe zake walivyochagua dume la ng'ombe: mkubwa kuliko yote. Vyote vilikauka. Kwa jirani yake Agustina, mke wa shemeji yake, vipandikizi vya mvule viliota kama magugu.

Hilo lilimuuma. Alipita kando ya ua wa Agustina akihesabu miche, kisha akabadilisha hata njia ya kisimani. Siku Agustina alipopigiwa makofi kanisani kwa kuipa shule miche mia mbili, Judith aliinama akafunga upya kanga ambayo haikuwa imelegea.

"Yule ana dawa," alimwambia mumewe.

"Si umwulize?"

"Nimwulize mimi? Bora nichome mkaa."

Mwaka 2024 aligundulika na ugonjwa wa figo. Alitibiwa Mugumu na Mwanza, akafariki nyumbani Jumapili, tarehe 22 Juni 2025, saa tatu asubuhi. Ameacha mume, watoto wanne, Nashoni, Eliza, Jenipha na Abednego, wajukuu tisa, na Agustina, aliyemlisha uji kwa mkono wake hadi mwisho. Udongo wa Nyambureti umpokee kwa upole, apumzike.

Jambo moja aliagiza lisomwe, lisifichwe. Mwezi Machi mwaka huu alikwenda kwa Agustina akitembelea fimbo.

"Mama Nestory, nipe hiyo dawa kabla sijafa."

"Dawa gani? Njoo uone." Agustina alimpeleka nyuma ya nyumba. Mivule michanga ilikuwa imekatwa usawa wa goti, imewekewa samadi, na chini ya kivuli cha migomba ilikuwa imejaa machipukizi laini. "Mimi nakata haya. Lile dume lako la mpakani limezeeka, linachomwa na jua kutwa, limesimama kwenye changarawe. Nguvu ya kutoa mizizi litaipata wapi?"

"Na miaka yote hiyo umeniangalia tu!"

"Ulikuwa hunisalimii, dada."

Judith alicheka mpaka akakaa chini. Alikiri kwamba hata hapo roho ilimuuma bado, maana machipukizi yale yalikuwa mazuri mno.

Asubuhi iliyofuata alimpa Konstantino fimbo amshikie, akachukua panga, akaikata usawa wa goti mivule yake mitatu michanga iliyojiotea yenyewe shambani, huku mumewe akimpigia kelele. Kisha akaenda kumwomba Agustina vichipukizi vya mgomba vya kuitilia kivuli.