Swali Linalorudishwa Nyumbani

Jumanne, tarehe 14 Oktoba, manyunyu yalikuwa yakianguka Kabuga tangu alfajiri. Ndani ya basi letu la kwenda mjini, Donatille, mchuuzi wa maparachichi, alimuuliza kijana wa pembeni yake anaenda wapi.

"Mafunzoni, mama. Sisi walimu wa historia na uraia tunafundishwa kujibu maswali ya watoto kuhusu mauaji ya kimbari ya mwaka 1994."

"Yebaba we! Mwalimu naye anafundishwa!" Donatille alicheka kwa mshangao. "Mpaka leo mlikuwa mkijibu nini?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Mimi niliwaambia wakaulize nyumbani."

Kicheko kikamkauka Donatille. "Mjukuu wangu Kamikazi aliniuliza babu yake alikufaje. Nikamwambia akamuulize mwalimu."

Tuliokaa nyuma tukajifanya tunatazama mvua.

"Uliogopa, mama?"

"Niliogopa kulia mbele yake."

"Hata mimi, mbele ya darasa."

Donatille akamshika mkono. Basi liliposimama kituo cha Remera, aliinuka ashuke, akapaza sauti: "Mbele ya Mungu na ninyi nyote, jioni hii nitamweleza mjukuu wangu, hata nikilia. Na wewe mwalimu, waambie wenzako wajiandae. Kesho Kamikazi atawaletea maswali mengine."