Fomu ya Nyaniba

Asubuhi ile, kwenye benchi la Malam Sule muuza kahawa, njia panda ya mji wa Mankessim, hekima ilimwagika kuliko maziwa ya kopo. Na imeandikwa kwamba katika wingi wa maneno hapakosi kuwa na maovu. Nyaniba aliketi ukingoni, fomu ya chuo cha uuguzi magotini. Alikwisha kuijaza yote isipokuwa nafasi moja: uuguzi wa kawaida, au uuguzi wa wagonjwa wa akili. Fomu ilipaswa kuondoka na basi la saa tatu. Moyo wake ulikwisha kuchagua. Ulichokosa ni mtu mmoja wa kuuitikia amina.

— Andika wa kawaida, binti, — alisema Breki, dereva mstaafu wa lori. — Wazimu unaambukiza. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inaingiaje hapo, mzee? — aliuliza Nyaniba.

— Inaingia tu. Nilimbeba kichaa mmoja hadi Tamale, kule kaskazini. Tangu siku hiyo lori langu likipanda mlima linacheka peke yake.

Profesa, fundi redio, alikohoa kwa kiburi.

— Usimdanganye mtoto wa watu. Ni mawimbi. Kichwa cha kichaa kinashika stesheni mbili kwa mpigo. Ukikaa naye mwaka, na wewe unaanza kupata taarifa ya habari bila redio. Muuguzi mmoja alitabiri bei ya petroli.

— Akapatia? — aliuliza Breki.

— Akakosea. Sasa ushahidi gani tena unautaka?

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Nyaniba naye alicheka, ila kalamu aliibana mpaka kucha zikageuka nyeupe.

Shemasi wa kanisa, aliyeketi katikati yao, hakucheka.

— Mwanangu, kabla ya ndoa wazee hutumwa kuuliza: nyumba hii ina wazimu? Kila nyumba hujibu haina. Wewe utakayeshinda na wagonjwa hao, nani atakuposa? Tena kazi yenyewe ya nini? Yule mtu wa makaburini alikuwa na pepo jeshi zima. Bwana akatoa amri, wakawaingia nguruwe, kwisha. Muuguzi alikuwa wapi? Akiba haiozi.

Hata Breki alikiri kwamba hapo Shemasi amefunga goli.

Mwanamke mgeni, mwenye beseni la kenkey, madonge ya unga wa mahindi, kichwani, alikuwa akisubiri kahawa yake.

— Samahani, baba zangu. Mtu yule alikuwa uchi. Watu walipofika walimkuta ameketi, amevaa nguo. Nani alimvisha?

Breki alimtazama Profesa. Profesa alijitia kutafuta bisibisi. Shemasi, aliyeijua sura ile aya kwa aya, alivua kofia yake.

Basi lilipiga honi. Nyaniba aliinama, akaandika: wagonjwa wa akili, akaitia fomu kwenye bahasha. Kisha akavuka barabara, akamkabidhi kondakta bahasha. Alipogeuka alimkuta Shemasi nyuma yake, kofia mkononi.

— Hao wagonjwa, — alinong'ona, — hutembelewa siku gani?

— Bado sijajua, baba. Una mtu huko?

Shemasi alichungulia benchini kwanza.

— Ndugu yangu, tumbo moja. Huu mwaka wa kumi na moja sijaenda kumwona. Sijui hata kama amekonda.