Vumbi la Mfupa

Ndani ya treni ya kutoka Dandora, mama aliyetoboa kiatu ili kinundu cha kidole gumba kipate nafasi alimwambia mzee jirani yake kwamba leo anapasuliwa mguu.

"Kwa vitundu vidogo tu. Wananyoosha mfupa, jioni natembea."

"Mimi ni mchongaji," mzee akasema. "Nikichonga, lazima vumbi litoke. La mfupa wako litatokea wapi?"

"Si kwa vitundu hivyo hivyo?"

"Na likibaki?"

"Wee mzee! Mimi nataka tu kucheza harusini kwa binti yangu Nzilani."

Kutoka kiti cha nyuma yao nilimwombea kimoyomoyo, huku nami nikiliwaza lile vumbi.

Treni ikasimama Makadara. Mama akashuka akichechemea, kisha akarudi dirishani. "Kwani wewe hulitoaje?"

Mzee akafikiri. "Mimi hupuliza tu, mama."

Mama akautazama mguu wake.