Soda ya Kwenye Kikao

Mama zangu, shikamooni. Wa rika langu na wadogo zangu, wa msikitini na wa kanisani, nawasalimu wote. Mwenyekiti ametangaza kwamba leo mnataka kunichagua niwe mtetezi wa kikundi, yule anayekaa na mwanachama akiwa na shauri lake. Nimemwomba muda kidogo kabla hamjanyoosha mikono. Kuna jambo langu hamlijui, na sitaki mlisikie huko nje mkiwa mmeshanipa kiti.

Wengi mnanijua kama muuza viungo. Zamani nilikuwa kiwandani, huku huku Temeke, tunafungasha viungo kwenye pakiti: pilau, tangawizi, pilipili. Nilikuwa pia mjumbe wa tawi la chama cha wafanyakazi. Chama kikanipeleka semina ya sheria za kazi, hotelini kule Kunduchi. Nilikula vizuri, nisiwafiche, ila na masomo niliyashika. Niliporudi nikawa mwalimu. Wakati wa chakula nawakusanya wenzangu, nawaambia mna haki ya likizo, mna haki ya mkataba, na mama anayenyonyesha sheria inampa muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku.

Meza moja nami alikuwa dada mmoja, jina lake naliacha. Ndiyo kwanza ametoka likizo ya uzazi. Alinisikia, akaamini. Akamwambia mdogo wake awe anamleta mtoto getini. Mlinzi akigonga bati, mama anatoka, ananawa, ananyonyesha, anarudi. Siku za pilipili alikuwa ananawaga mpaka viwiko, anarudia tena na tena, maana mtoto akishika mkono wenye pilipili akajipaka machoni ni balaa. Kwa hiyo siku hizo alichelewa kurudi mezani.

Msimamizi akaandika kwamba anaacha kazi bila ruhusa, na akaitwa kikao cha nidhamu. Sheria inakuruhusu kwenda na mwenzako akusemee. Akanifuata mie. "Dada, twende wote. Wewe ndo unayajua haya mambo, mie nitababaika tu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nipo.

Asubuhi ya kikao afisa utumishi akanikuta koridoni. Kijana, mwenye adabu zake. "Shikamoo mama. Ile nafasi ya usimamizi tunakufikiria wewe. Tunataka mtu mtulivu." Basi, akapita. Hakuniambia ninyamaze. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hakuwa na haja ya kuniambia. Nilikuwa na watoto sekondari, miguu imechoka kusimama mezani, na moyo wangu ulishakubali hata kabla sijaitikia marahaba.

Tukaingia. Mnavijua vikao vyetu, hata cha kumfukuza mtu kinawekewa soda. Kila mmoja na chupa yake. Mwenzangu ya kwake hakuigusa. Alijieleza, akababaika kama alivyosema, kisha akanigeukia. Mwenyekiti wa kikao akaniuliza, "Mwakilishi, una la kuongeza?" Nikasema, "Sina, mwenyekiti." Halafu, sijui mikono ilitafuta pa kujificha, nikaichukua ile soda nikanywa. Niliimaliza yote. Mwenzangu alifukuzwa siku ile ile, na haikupita muda mie nikapewa koti la msimamizi.

Lile koti nililivaa kwa tabu. Wakati wa chakula wenzangu walinikaribisha, lakini nikikaa tu mazungumzo yanakufa. Nikawa nakula peke yangu stoo. Mlinzi akigonga bati kwa ajili ya gari la mzigo, mie nashtuka. Hata hapa kwenye kikundi niliacha kuja, mkadhani naumwa. Nilikuwa naona aibu kukaa na kina mama wenye watoto mapajani.

Baadaye nikasikia mwenzangu amefungua shauri. Usuluhishi ulishindikana, sasa linakwenda kusikilizwa, na kiwanda kimeniandika mie kama shahidi wake. Wakili wao akanielekeza: sema tu kwamba ulikuwepo na hukuwa na pingamizi. Hapo hakuna uongo hata kidogo, na ndicho kilichonitesa.

Kabla ya siku yenyewe nilikwenda nyumbani kwake, Chamazi. Nadhani nilitaka anisamehe kabla sijamkosea tena. Nilimkuta anafua nguo za watu. Mtoto, ambaye hakuwa amefika hata umri wa kuanza kula, alikuwa analishwa uji mwepesi na mama yake mdogo. Mama mtu siku nyingi alikuwa anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anarudi jioni, na maziwa yakakata.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe."

Akasuuza shati, akalikamua, akalianika kwanza. "Kunifukuza nimewasamehe, dada. Wale hawanijui. Hata kunyamaza ningekuelewa, mtu unaogopa. Ila wewe ulikunywa na soda."

Akanikaribisha uji, nikashindwa kuunywa. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima, watu wananitazama.

Siku ya shauri, mwamuzi alikuwa mama mtu mzima. Nikasema yale niliyoelekezwa. Akaandika, kisha akaniuliza, "Shahidi, ulijua sheria inasemaje kuhusu mama anayenyonyesha?" Wakili akaniangalia. Nikasema, "Nilijua, mheshimiwa. Mie ndiye niliyemfundisha. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka cheo." Msinipigie vigelegele hapo, tafadhali. Nilisema nikiwa nimeshachelewa.

Ikaamriwa arudishwe kazini na alipwe mishahara yake. Mie mkataba wangu ulipofika mwisho haukuongezwa, na sikumlaumu mtu. Nilikaa ndani, sina kazi, sina hamu ya chochote. Nyie ndio mliokuja kunigongea. Mkaniletea unga, mkanikopesha mtaji wa viungo, na hakuna aliyeniuliza nimetokaje kiwandani. Na mie nikanyamaza tena, mara ya pili. Ndiyo maana leo nimesimama.

Sasa nina mabinti wawili wanaofungasha nyumbani kwangu, wote kwa mkataba wa maandishi. Mmoja ananyonyesha. Mtoto wake analala chumbani kwangu, na pilipili nachambua na kusaga mie mwenyewe, yeye nimemwambia asiiguse.

Nawashukuru sana nyie wote mliokuja mlangoni kwangu. Namshukuru na yule katibu wa chama cha wafanyakazi aliyemshika mkono mwenzangu kwenda kushtaki wakati mie nimemkimbia. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: mtu akikuomba ukae naye kwenye shauri lake, amekupa maisha yake uyashike. Kama unajua utaogopa, mwambie mapema atafute mwingine. Mie sikumwambia.

Mwenzangu tukikutana ananiitikia salamu. Nyumbani kwake hajanikaribisha tena, na simdai hilo. Mishahara alirudishiwa. Yale maziwa hakuna mwamuzi wa kuyarudisha, na mtoto yule akipita barabarani na sare yake ya chekechea mie huwa nainama chini, najifanya nafunga kiatu.

Basi, mwenyekiti, sasa wananijua. Natoka nje ili wapige kura kwa uhuru. Na hizo soda mlizoandaa, wagawieni wenzangu. Mie kwenye kikao sinywi.