Daktari Kuo Hsiu-luan, wa Kwanza kati ya Watu 214

Marehemu shangazi yetu, Daktari Kuo Hsiu-luan, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 mjini Chiayi, kitinda mimba wa Bwana Kuo Tien-fu na Bibi Lin Yueh-kuei, waliouza wali wa bata mzinga karibu na stesheni ya treni.

Alisoma shule ya wasichana hapo Chiayi, na mwaka 1970 akaenda Taipei kusomea saikolojia. Baba yake alitaka awe mwalimu wa hesabu. Mzee alikubali shingo upande.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika hospitali moja ya Taichung. Huko wazazi waliwaleta vijana waliopenda watu wa jinsia yao, ili wanyooshwe. Marehemu alikataa kumnyoosha yeyote. Aliwasikiliza na kuandika, na Novemba 1996 akausoma utafiti wake kuhusu watu 214 wapendao jinsia yao katika mkutano wa mwaka wa wanasaikolojia. Mwenyekiti wa kikao alimuuliza amewatoa wapi watu hao 214, maana yeye kwa miaka thelathini ya kazi hakukutana na hata mmoja. Ukumbi ukacheka. Marehemu akavua miwani.

“Wa kwanza ni mimi, Profesa,” alisema. “Wa pili yule pale nyuma, aliyenifungia chakula cha mchana. Waliobaki ni mia mbili na kumi na wawili, na kadhaa wamepita mikononi mwako.”

Mwezi uliofuata alihamishiwa chumba cha majalada, akakaa huko miaka minne. Lakini siku ile ile ya mkutano wenzake saba walimfuata kwenye ngazi, na hao ndio walioanzisha naye kikundi cha wanasaikolojia wa utafiti na huduma kwa wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia. Chama cha wanasaikolojia kilikitambua mwaka 2003. Leo kikundi kina wanachama 430, na mwongozo wao humwambia kila mzazi kwamba mtoto wake hatapona, kwa sababu haumwi.

Bibi yetu, mama wa marehemu, akiwa na miaka themanini na miwili, alidai awe wa kwanza kuhojiwa katika utafiti wao wa wazazi. Alipoulizwa alijisikiaje alipojua kuhusu binti yake, alijibu: “Andika hivi, mwanangu. Siku tatu sikula. Siku ya nne nikamwona Hsiu-luan amekonda kunishinda, nikaingia jikoni. Umeandika jikoni?”

Tangu 1983 marehemu aliishi na Bi Lai Pi-hsia, mwalimu wa muziki, yule aliyekuwa nyuma ya ukumbi, aliyemfunga karata kila Jumapili. Waliandikisha ndoa tarehe 24 Mei 2019, siku ya kwanza sheria ilipowaruhusu.

Mwaka 2022 shangazi aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea kusahihisha kazi za wanafunzi wake wa saikolojia akiwa kitandani, bila huruma. Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Bi Lai.

Ameacha mke, Bi Lai Pi-hsia, ambaye ukoo umeamua kwa kauli moja jina lake litangulie. Kaka yake, Bwana Kuo Wen-chih. Sisi watoto watatu wa kaka. Na wanachama wa kikundi chake, ambao leo wamevaa nguo ya msiba katika safu yetu.

Shangazi yetu apumzike kwa amani. Tunamsindikiza vifua mbele.