Lothar Noske na Kalamu za Kichaka cha Chumvi

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi ya leo tuna jina moja la kulitaja, na tutalitaja polepole. Lothar Noske. Lothar Noske wa hapa kwetu Kimba, mkata manyoya ya kondoo, kisha mkerezaji wa kalamu. Alifariki Jumatatu, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Wengi wenu mnayo kalamu yake. Pengine iko mfukoni mwako sasa hivi.

Lothar alizaliwa shambani, mtoto wa sita kati ya tisa. Shule aliisoma vipande vipande. Msimu wa kupanda hayumo, msimu wa kuvuna hayumo. Alipofika miaka kumi na mitatu akaiacha kabisa, akaingia kwenye mabanda ya kukatia manyoya. Huko alikaa miaka thelathini na minane.

Wenzake walimwita Profesa, kwa sababu kila mapumziko ya chai alikuwa amelifungua gazeti mbele ya uso wake. Siku moja mwenzake, Merv Dolling, akamwuliza gazeti linasemaje kuhusu mvua. Lothar akalikunja. "Linasema unyamaze unywe chai yako," akajibu. Banda zima likacheka, naye akacheka nao. Lakini moyoni alikuwa na lake. Wasikilizaji wapendwa, Lothar Noske hakujua kusoma. Hakujua kusoma wala kuandika, isipokuwa jina lake, na hilo nalo alilichora tu.

Aliyejua ni mkewe, Avis, peke yake. Avis alisoma barua, akajaza fomu, akasoma maandishi ya chupa za dawa za kondoo. Hata binti yao wa pekee, Janelle, hakujua. Janelle alipelekwa shule ya bweni Adelaide, mji mkuu wa jimbo letu. Kila wiki alipata barua ya mama. Ya baba hakupata hata moja.

Mgongo ulimsaliti Lothar akiwa na miaka hamsini na mmoja. Akakaa nyumbani mwaka mzima, akigombana na kuku, hadi Avis akamfukuza aende kwenye karakana ya wastaafu mjini. Huko akaikuta mashine ya kukereza. Wenzake walikereza mbao za dukani. Yeye akaja na shina kavu la kichaka cha chumvi, kile cha kijivu tunachowalishia kondoo. Wakamwambia hicho ni chakula, si mbao.

"Kondoo wamenilisha miaka thelathini na minane," akasema. "Acheni na mimi nionje chakula chao."

Shina la kwanza likapasuka. La pili likapasuka. Lothar akajifunza kuyaanika kivulini mwaka mzima, na kuzijaza nyufa gundi nyepesi, tone kwa tone, kabla ya kugusa patasi. Ndani mkatoka rangi ya asali yenye mistari myeusi ambayo hakuna aliyeitarajia. Baadaye akakereza koni za banksia, yale matunda makavu ya mti wa porini yenye vijishimo kama macho, na kwandongi, mti ambao sisi tunajua matunda yake tu. Mmea ulio hai hakuukata kamwe. Aliokota kilichokufa.

Kwenye maonyesho ya wilaya, bibi mmoja akanunua kalamu. Alikuwa Thelma Kittow, mwalimu mstaafu. Akamwomba aandike kwenye kadi, "Kwa mjukuu wangu Clive." Lothar akasema amesahau miwani. Miwani alikuwa ameivaa. Bi Thelma akaitazama ile miwani. Alilipa, akaondoka. Lakini wiki iliyofuata akaja kwenye banda la nyumbani kwa Lothar, alikokuwa sasa na mashine yake mwenyewe, akamwambia taratibu kwamba angeweza kumfundisha, na hakuna ambaye angejua. Lothar akazima mashine, akamfungulia mlango atoke.

Miaka miwili ikapita. Kisha Avis akapatwa na kiharusi. Akapelekwa Adelaide kwa ndege, na huko akabaki miezi. Kusema hakuweza. Kusoma aliweza. Lothar alikwenda kila baada ya wiki mbili, akarudi kwenye nyumba isiyo na sauti. Simu haikufaa kitu, maana upande wa pili palikuwa kimya. Muuguzi akamshauri amwandikie mkewe kila siku, kwani barua zingemsaidia.

Lothar alikaa garini saa nzima nje ya hospitali. Kisha akaendesha hadi Kimba, na hakwenda kwake. Alikwenda kwa Bi Thelma.

"Ulikuja kwangu nikakufukuza," akamwambia mlangoni. "Nimekuja na wewe unifukuze. Au unifundishe."

"Vua kofia, Lothar," akasema Bi Thelma. "Keti."

Lothar alikuwa na miaka sitini na mitatu. Walikaa meza ya jikoni, kila Jumanne na kila Ijumaa. Bi Thelma alipompa penseli, Lothar alinuna, akamwambia kwamba ana kalamu mia mbili nyumbani.

"Na herufi una ngapi?" Bi Thelma akauliza.

Akaichukua penseli.

Barua ya kwanza ilifika baada ya wiki saba. Janelle alikuwa kando ya kitanda cha mama yake. Ilikuwa hivi: Avis. Mvua imenyesha. Kuku wote wazima. Njoo. Lol. Hilo Lol ndilo jina ambalo Avis alimwita.

"Nilidhani ni barua ya mtoto," Janelle alitueleza. "Mama akainyang'anya mkononi mwangu. Akaisoma, akaificha ndani ya gauni lake. Hapo ndipo nilipoelewa. Maisha yangu yote nilidhani baba hakutaka kuniandikia."

Alimwuliza baba yake kwenye ukumbi wa hospitali, na baba hakuficha tena. Kisha akamwandikia binti yake barua. Ilimchukua wiki tatu. Janelle ametusomea sentensi moja tu, iliyobaki ni yake: "Kila barua mama aliyokuandikia, nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikimwambia la kusema."

Avis alirudi nyumbani, akaishi miaka tisa zaidi. Maneno yaliyomrudia yalikuwa machache, lakini la "Lol" lilikuwamo. Maandishi ya dawa zake sasa alisomewa na mumewe.

Na tangu hapo, kila mtu mzima aliyefika maktaba yetu kujifunza kusoma alipewa kalamu na Lothar mwenyewe, ya kichaka cha chumvi. Siku ya kwanza ya masomo, si ya mwisho.

Bi Thelma sasa ana miaka tisini na mmoja. Tunatoa pole kwake, kwa Janelle na watoto wake, na kwa wote wa karakana. Mazishi ni Ijumaa saa nne asubuhi, na chai itakuwa ukumbini. Familia haitaki maua. Wanaomba kila mmoja wetu amwandikie mtu mmoja anayengoja neno kutoka kwake. Mstari mmoja watosha. Na kama wewe unayetusikiliza huwezi kuuandika, tafadhali usione haya. Mlango wa maktaba uko wazi.

Tulimwuliza Bi Thelma atamkumbuka vipi mwanafunzi wake.

"Nimefundisha miaka arobaini," akasema. "Lothar aliniandikia kadi ya shukrani kila Jumanne, hadi wiki iliyopita. Na kila Jumanne alikosea kuandika jina langu. Sikumsahihisha."